Msichana Niliyemfuta kwa Raba

Mjukuu wangu Nekesa,

Hapa mtaani Tena tu wazima. Goti la babu yako limepata nafuu, jana alikwenda mwenyewe soko la Burma kununua nyama. Huko Kanada baridi imepungua?

Umeniuliza kwa nini kila kitabu ninachokutumia kina mtoto mweusi. Nimekumbuka jambo ambalo hadi leo hunisisimua mwili.

Nikiwa darasa la nne, kila mwisho wa muhula tulisafisha vitabu vya shule kwa raba kabla ya kuvirudisha. Siku hiyo nikafungua kimoja, nikamwona msichana aliyesukwa matuta, mweusi kama mimi. Nilishtuka! Watoto wote wa vitabuni niliowajua walikuwa wazungu. Nikadhani mtu amempaka makaa, nikamsugua uso hadi karatasi ikatoboka.

"Mwalimu, huyu alikuwa amechafuliwa," nikasema kwa majivuno.

Mwalimu hakunichapa. Aliinua ule ukurasa mbele ya uso wangu, akanichungulia kupitia tundu.

"Woi! Mtoto, umejifuta mwenyewe."

Basi wewe soma, Nekesa. Raba iache mkobani.

Nyanya yako,
Kukhu