Unaombea Ng'ombe wa Nani?

Dar es Salaam

Baba mpendwa,

Shikamoo, na mama naye mpe shikamoo yangu. Natumaini upepo wa huko Gehandu haujaamsha maumivu ya goti lako, na kwamba yule ng'ombe mweusi amezaa salama. Mimi ni mzima, ni joto tu la huku linalonichosha. Barua hii nampa mwalimu anayekuja Katesh likizo, maana nina habari nzuri na sitaki ichelewe.

Wakati naondoka uliniambia nikishindwa kazi ya majaribio nirudi kuchunga, fimbo yangu itaningoja juu ya mlango. Basi wiki iliyopita nilikaribia kuifuata.

Kazi yangu ni kutunza seva, yaani kompyuta inayopokea na kutuma barua pepe za ofisi nzima. Kila barua inayopita huilazimu ifungue mafaili, na mfumo unaoiendesha, uitwao Unix, umewekewa kikomo. Mafaili yakifika idadi hiyo, hakuna jingine linalofunguliwa. Wateja walipoongezeka, seva ikaanza kukataa barua. Bosi akaja mezani kwangu asubuhi.

"Kijana, isipopona mpaka saa sita, namwita mtu mwingine. Na wewe ujue pa kwenda."

Nikapandisha kikomo. Seva ikaendelea kukataa barua. Nikakipandisha tena zaidi, ikakataa vilevile. Wenzangu wote wakajifanya wana shughuli nyingi.

Hapo nikakukumbuka kisimani wakati wa kiangazi. Mtu akija kuomba zamu ya maji, hata kama mnapikika chungu kimoja, humjibu mpaka umuulize, "Unaombea ng'ombe wa nani?" Maana zamu ni ya boma, si ya aliyetumwa kuiomba. Nikajiuliza swali hilohilo na nikauona ujinga wangu. Kwenye Unix kila jina la mtumiaji lina kikomo chake, nami nilikuwa nimekipandisha kwa jina langu mimi niliyekaa kwenye kiti, kumbe seva inafanya kazi kwa jina lake yenyewe. Nikaipa ruhusa kwa jina hilo, nikaizima, nikaiwasha upya ili iipokee.

Baba, barua zikaanza kupita. Zilizokwama tangu asubuhi zikaondoka zote, nami nikacheka peke yangu kama mwehu. Bosi akauliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia, "Kisimani kwa baba." Akadhani namtania. Jana amenipa mkataba wa kudumu, na nimeusaini.

Msalimie dada Elizabeti na watoto wake. Mjomba wa Dirma, aliyesema kompyuta itanifanya mvivu, mwambie mvivu ameajiriwa. Mama asiwe na wasiwasi, nakula vizuri na Krismasi nitakuja.

Ile fimbo ishushe, umpe mdogo wangu Martini. Mwambie niliipenda, asije akaisahau malishoni.

Mwanao anayejivunia kuwa wako,
Paulo