Santuri Iliyopigwa Pasi

Mpendwa Seño Delfina wa ukurasa wa ushauri, naomba msaada wako kabla ya Jumapili, maana maji yamenifika shingoni na hapa Rebolo hakuna mtu ninayeweza kumwambia jambo hili bila kulikuta limenitangulia nyumbani. Tafadhali usilitaje jina langu.

Mimi ni DJ wa La Suegra, yaani Mama Mkwe, picó ya familia ya mke wangu, ile spika ya dansi za mtaani ndefu kuliko mlango iliyochorwa mama mkwe ameshika mwiko, na kama unaishi Barranquilla upande wetu huu basi umeisikia hata kama hukutaka. Aliijenga baba mkwe, marehemu don Catalino, na tangu afe, mwenye mali ni mjane wake, doña Edilsa, mimi napiga tu, na mimi na mke wangu Yajaira na watoto tunaishi chumba cha uani kwake, kwa hiyo utaona mwenyewe kwamba nikifukuzwa kazi nimefukuzwa na nyumba.

Swali langu ni la kitaalamu: je, DJ apige kwa santuri au kwa CD? Nauliza kwa sababu mama mkwe aliapa mbele ya jeneza la mumewe kwamba atakayeileta CD kwenye La Suegra atatoka uani kwake na godoro lake kichwani, na mimi nilisema amina, tena kwa sauti kuliko wote.

Sasa, tuna santuri moja inayoitwa Jino. Siyo jina lake, la kwake hatulijui, tunaiita Jino kwa sababu siku ya kwanza ilipopigwa bwana mmoja alicheza mpaka akaanguka na kuvunjika jino. Ililetwa na baharia kutoka Afrika mwaka 1984, na don Catalino akanipa mimi kazi ya kufuta maandishi ya katikati, maana ndivyo tunavyofanya sote, santuri nzuri ikishaingia unakwangua jina la wimbo na la mwimbaji na kuchoma ganda lake, ili picó ya mtaa wa pili isijue pa kuitafuta, nami nikaikwangua kwa sarafu na mafuta ya taa mpaka ikawa nyeupe kama yai, mzee akasema, "Kijana huyu ana mkono," na mwaka uliofuata akanipa binti. Kwa miaka ishirini hakuna picó nyingine iliyokuwa nayo. Watu walikuwa wanatoka mji wa jirani, Soledad, kwa miguu kuja kuisikia, Jumapili mchana, jua la utosi.

Kulikuwa na mahali ilipokuwa inakwama, katikati hivi, na mzee alikuwa anagonga meza kwa kifundo cha kidole ili sindano ipite, na mama mkwe, ambaye huo ndio wimbo wake wa kucheza, alikuwa anauacha mguu hewani akingoja mzee agonge, ndipo anaushusha, na watu wanashangilia. Mzee alipokufa nikawa nagonga mimi.

Basi mwaka jana binamu yangu Harold, mwenye kompyuta, akaniambia, "Kaka, wewe unachezea dhahabu kwa msumari, kila ukiipiga unaichimba, ilete nikuhifadhie kwenye CD." Nikaona ana akili. Nikaipeleka kwa siri, akanitengenezea CD, tena akaisafisha, akatoa mikwaruzo yote na pale ilipokuwa inakwama akapaziba. Nikaificha chini ya godoro kama akiba tu, naapa, akiba tu. Mwezi uliopita, Novemba, nikaisahau santuri yenyewe juu ya amplifaya, na amplifaya yetu ni ya zamani, yenye taa za kioo ndani, inachemka kama jiko, nilipoirudia imejikunja kama sikio. Nikakumbuka kuna mtu aliwahi kusema santuri iliyojikunja hunyooshwa kwa joto, nikangoja Yajaira aende sokoni, nikaiweka katikati ya mataulo mawili, nikaipiga pasi. Sasa ina alama ya pasi upande mmoja na nyuzi za taulo la bluu upande wa pili.

Tangu hapo naweka CD kwenye mashine ndogo chini ya meza, nimeifunika taulo (lile la pili), na juu ya meza nazungusha santuri nyingine isiyotoa sauti, nimeichomolea waya, nainama, naifuta sindano vumbi, nafumba macho kama mtu anayesikiliza. Jumapili tatu watu wamecheza vizuri tu, hakuna aliyejua. Mama mkwe siku ya kwanza alicheza kidogo, akauacha mguu hewani, halafu akaja mezani.

"Mkwe," akasema, "hilo Jino limepona?"

"Limepona vipi, mama?"

"Halikwami tena pale pake."

"Nimeliosha kwa sabuni ya vyombo, mama."

"Sabuni gani hiyo, na mimi niipake kwenye goti?"

Akaingia jikoni. Tangu siku hiyo Jino likipigwa hachezi, anasema goti linamsumbua.

Kuna Mfaransa hapa mjini ananunua santuri kuukuu, nikamwendea, akasema, "Rafiki, nitajie mwimbaji au wimbo, wiki mbili nimekuletea nyingine." Nitamtajia nini, Seño? Jino? Akasema basi nimsikilizishe. Nikakataa, kwa sababu nikimsikilizisha ataijua, ataitafuta, ataiuza kwa kila mtu, na siri ya familia ya miaka ishirini itakuwa imetoka kwa mkono wangu.

Jumapili hii ni miaka kumi tangu don Catalino afariki. Mama mkwe ametangaza kwamba Jino litapigwa saa tisa, na sindano ataishusha yeye kwa mkono wake. Je, niseme mashine imeharibika? Niugue? Au si wakati umefika mjini kote watu wakubali kwamba CD ni bora kuliko santuri, na wewe ukiandika hivyo gazetini ungeniokoa sana?

Wako,
Aliyekwama

MAJIBU YA SEÑO DELFINA

Bwana Mtaalamu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili yako na mara ya pili kwa ajili ya dada yangu, ambaye alikuwa ananyambua samaki wa kuchanganya na wali na ilibidi aache kwa kucheka. Pole. Nakuonea huruma kweli, kwa namna mtu anavyomwonea huruma aliyekata tawi alilokalia, kisha akaandika kuuliza msumeno upi ni bora.

Unataka gazeti liamue kati ya santuri na CD. Haya, liamue. Santuri ina sauti nzito, huliwa na sindano, huogopa jua, na hupaswi kuipiga pasi. CD ni nyepesi, haichoki, na ikiamua kugoma inagoma yote. DJ mwema anaweza kupigia watu kwa chochote, hata sufuria, mradi asichezeshe watu kwa kitu kimoja huku akizungusha kingine. Hapo umekwisha kuwa mwanasarakasi, na wanasarakasi wa Karnivali hatuna upungufu nao.

Binamu yako unaweza kumwacha, alikushauri vizuri. Kuhifadhi wimbo si dhambi. Ungemwambia mwenye mali mwaka jana, leo ungekuwa mkwe mwenye busara. Ulivyoficha, umekuwa mkwe mwenye taulo.

Na nyinyi watu wa picó nina neno nanyi. Miaka yote mnakwangua majina ya watu ili jirani asijue. Hongereni, jirani hajui. Na nyinyi hamjui. Kuna bwana mahali fulani Afrika aliimba wimbo uliokupatia mke, nawe ukamfuta kwa sarafu na mafuta ya taa, na sasa unalalamika kwamba humjui kwa jina! Kisha anakuja mtu anayeweza kukutafutia, una wimbo wote mzima chini ya godoro, naye ana masikio mawili, unakataa kumsikilizisha ili siri isitoke. Siri ya nani? Si yako. Ni ya mwenye picó. Kumpigia Mfaransa au kutompigia ni uamuzi wa doña Edilsa, na huwezi kumwomba auamue mpaka umwambie kuna nini cha kuamua. Yeye ndiye achague kati ya siri na santuri. Wewe umeshachagua vya kutosha.

Unasema Jumapili tatu hakuna aliyejua. Sikiliza, mwanangu. Mwanamke ameacha mguu hewani akingoja, na hakuna aliyegonga. Amekuja kukuuliza kwa upole, akakupa na mlango wa kutokea, ukamjibu sabuni ya vyombo. Goti lake halina neno. Anajua, na amekaa jikoni Jumapili tatu akingoja uwe mwanaume. Hata kuishusha sindano mwenyewe, unadhani ni wazo lililomjia tu? La kuvunda halina ubani, na pua yake ni nzima.

Binamu yako alipoziba pale pa kukwama hakusafisha kasoro. Alimtoa don Catalino kwenye wimbo. Sindano iliposimama ndipo mzee alipokuwa anaingia, kidole chake mezani, na kwa miaka kumi baada ya kufa kwake wewe ndiye uliyemwingiza. Hilo ulilifanya vizuri, nakusifu, na sitalisifu tena.

Kwa hiyo fanya hivi. Nenda kwake mchana, kabla hajaanza kupika, usimtume Yajaira. Mpe santuri mkononi kama ilivyo, na nyuzi zake za taulo, usimtaje Harold wala amplifaya, maana si amplifaya iliyoshika pasi. Sema neno "nilidanganya" kabla ya neno "lakini". Akikurushia mwiko, udake na umrudishie. Akisema godoro, libebe mpaka barabarani ukae juu yake. Baada ya saa moja atakuletea mchuzi wa mbaazi, nawajua wanawake wa Rebolo, hawawezi kutazama mtu ana njaa hata wakiwa wamemfukuza wao.

Jumapili toa mashine chini ya meza, uiweke juu, bila taulo, mbele ya watu wote wa kutoka Soledad. Waambie kwenye maikrofoni santuri imekufa na nani aliiua. Kisha mwombe mama mkwe abonyeze hiyo CD kwa kidole chake. Wimbo ukifika pale ulipokuwa unakwama, isimamishe. Kaa kimya. Mama akiwa na mguu hewani, gonga meza kwa kifundo, ndipo uiache iendelee. Hiyo inaitwa kazi ya DJ, Bwana Mtaalamu, na haimo kwenye santuri wala kwenye CD.

Najua utasema hujapata wakati mzuri wa kumwambia, na kwamba kesho utakuwa na moyo zaidi. Jina lako sijalitaja, kama ulivyoomba. La picó umelitaja mwenyewe, na la mkeo, na la binamu yako, na la marehemu, na saa ya shughuli. Gazeti hili hutoka Ijumaa asubuhi, na doña Edilsa hulinunua kwa ajili ya ukurasa huu. Najua, kwa sababu ameniandikia mara mbili kunilaumu kwamba nawadekeza wanaume. Yeye huamka kabla yako. Kama umefika mstari huu, yeye amekwisha kumaliza. Weka gazeti chini uende jikoni.