Mkono Wako Kichwani Kwangu

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeanza na shikamoo kwa sababu ndiyo sehemu pekee ya barua hii ambayo nina hakika utaipokea kwa roho nyeupe. Habari za hapo nyumbani? Shemeji hajambo? Na wapwa zangu je, yule mkubwa ameshaacha kununa, au bado anakula huku amegeukia ukutani? Mimi huku mwili haujambo. Nakula, nalala, kazini naenda. Roho ndiyo inayoumwa, na ugonjwa wake utaujua kadiri unavyosoma.

Utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Najua utasema huyu mtoto amerudi enzi za mababu. Lakini kwenye simu wewe huanza kucheka kabla sijamaliza salamu, na ukicheka mimi naishiwa nguvu, nageuza maneno, mwishowe tunawasengenya majirani mpaka salio linakwisha. Nimejaribu mara nyingi. Basi naomba uisome umekaa, mlango wa saluni umeufunga. Na kabla ya yote nakuomba kitu kimoja: ile chupa ya mafuta iliyo kwenye rafu ya kioo, leo usijipake.

Nakuandikia kwa sababu ya kichwa chako, ila lazima nianze na changu.

Wewe ndiye uliyekuwa unanibana katikati ya magoti yako nikiwa mdogo, unanichana nywele nikilia kama nachinjwa, ukaniita Kipilipili, na mpaka leo unaniita hivyo. Kichwa changu ndicho ulichojifunzia kusuka. Nilitoka nje na mistari mitatu ya kwenda kisogoni na mmoja uliopotea njia, wenzangu wakanicheka, nami nikapigana nao kwa ajili yako. Ndiyo maana nadhani kichwa hiki umekiamini kuliko inavyostahili.

Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu zilianza kuhama mapema, kwanza kwenye pembe za paji, kisha utosini, zikabaki za pembeni na kisogoni tu. Kwa mtu mwingine si kitu. Lakini muuza viatu hupiga magoti, Dada. Mteja anakaa kitini, mimi niko chini nakaza kamba, nabonyeza nione kama kidole gumba kina nafasi, na muda wote huo yeye anatazama nini? Utosi wangu. Siku moja mtoto aliyeletwa kununuliwa viatu vya shule aliweka kiganja chake juu ya upara, akamwambia mama yake, duka zima likisikia, kwamba kichwa cha huyu mjomba kina joto. Mama mtu akaomba radhi, wenzangu wakacheka, na mimi nikacheka. Nilipokwenda stoo kutafuta namba kubwa zaidi, nilikaa juu ya maboksi nikashindwa kutoka.

Nilikusimulia hayo, na siku hiyo hukucheka. Hazikupita siku nyingi ukanitumia chupa ya kwanza: mafuta ya nyonyo, vitunguu, na yale majani ambayo umekataa kumtajia hata mumeo. Nakuapia niliyapaka. Niliyapaka asubuhi na jioni, kwa uaminifu ambao sijawahi kuuonyesha kwa kitu kingine chochote. Foronya zikawa na rangi ya chai. Mwenzangu wa dukani aliniuliza kwa upole kama siku hizi nalala jikoni. Chupa ikaisha, ukaleta nyingine, nayo ikaisha, na utosi ukazidi kung'aa tu. Kila ulipouliza nilisema tunasubiri.

Aliyenielekeza kwingine ni mteja mmoja, kinyozi. Alinituma kwa mama mmoja mwenye chumba ghorofani, juu ya duka la miwani, ambaye kazi yake ni kuchanja wino kichwani. Haoteshi nywele wala hapandikizi. Anachukua sindano nyembamba sana na kudonoa ngozi nukta ndogo ndogo, maelfu kwa maelfu, kila moja ikifanana na shina la unywele ulionyolewa jana. Ukimtazama mtu aliyechanjwa unaona mtu aliyenyoa kwa hiari yake, si mtu aliyenyang'anywa. Alianza kwa kunichorea mstari wa paji kwa kalamu. Nikamwomba aushushe ufike pale ulipokuwa enzi zangu za shule, akakataa, akasema baba mtu mzima mwenye paji la mtoto atachekwa upya. Maumivu yalivumilika, isipokuwa karibu na panja, ambako nilimtaja mama yetu. Nilirudi kwake mara kadhaa, maana wino hujengwa polepole.

Alipomaliza alinipa masharti. Ninyoe za pembeni mara kwa mara, zisirefuke, la sivyo watu wataona pembeni pameota na katikati pamebaki picha. Nijikinge na jua. Wino ukififia baada ya miaka, nirudi. Mwisho akasema jambo nililolichukua kama porojo za kumsindikiza mteja: kwamba watu wa nyumbani niwaambie mwenyewe kabla hawajauliza, kwa sababu wateja humrudia na shida zao, na mara nyingi shida yenyewe si wino.

Ndiyo, Dada. Nywele zangu hazikuota. Unachokiona kwenye ile picha uliyoibandika ukutani saluni ni wino.

Sikupanga kukudanganya. Nilikutumia picha kwa furaha, na nilikuwa bado naandika maelezo yake simu ilipoita. Vigelegele vyako nilivisikia kabla ya sauti yako. Ukasema zimeota, ukamshukuru Mungu, ukawaita wasichana wako wa saluni waje waone, ukasema ulijua tu kwamba yale majani hayawezi kukuaibisha. Mimi nikanyamaza. Nilijiambia, mwache afurahi, nani ataumia? Sikujua kwamba una jeraha lako chini ya kilemba.

Hilo nimelijua wiki hii, kwa shemeji, na tafadhali usimgombeze. Alinipigia akiwa nje ya nyumba, anaongea chini kwa chini. Ameniambia kwamba utosi wako umekuwa ukiwasha na kuwaka moto kwa muda mrefu, na kwamba daktari wa ngozi alikuonya: mashina ya nywele yanakufa moja moja, na likishakufa halifufuki, lakini yaliyobaki yanaweza kuokolewa ukifuata tiba yake bila kukatiza. Ulianza, na doa likaacha kusambaa. Halafu ukaacha. Ukazifungia dawa kabatini, ukasema kama mafuta yako yameotesha kwenye jiwe la mdogo wako, hayawezi kushindwa na shamba ambalo bado lina rutuba. Sasa, anasema, doa limefikia upana wa kiganja, na kilemba hukivui hata mbele yake. Wewe, ambaye kina mama wanapanga foleni ili uwashike vichwa! Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi wawili tumeficha, wewe kwa kilemba, mimi kwa wembe.

Kisha akaniuliza swali. Hakuwa na hila yoyote, alitaka kujua tu. Alisema, "Shemeji, hebu niambie, wewe ulipaka muda gani mpaka zikaanza kuota? Nijue tumvumilie mpaka lini."

Nikamwambia mtandao unakatika, nikakata simu. Hivyo ndivyo alivyo mtu uliyemlea.

Ningeweza kuishia hapa, nikajitetea kwamba kosa langu ni kunyamaza. Watu wengi hunyamaza. Lakini kuna lingine, na ndilo lililonifanya nitafute karatasi.

Unakumbuka harusi ya binti wa shangazi. Ulinikuta nimesimama karibu na meza ya vinywaji, ukaja mbio, viatu umevishika mkononi, na ule mkono mwingine ukauinua unishike kichwa. Mkono wako haudanganyiki, Dada. Vidole vile vinajua nywele kuliko macho ya watu wote waliokuwa ukumbini. Ungegusa utosi ungeukuta laini kama sahani, na mambo yangeishia palepale. Labda tungecheka, labda ungenizaba kofi mbele ya wakwe. Niliuona mkono unakuja, nikageuza kichwa. Nilikigeuza kidogo tu, kama mtu aliyesikia anaitwa, ili kiganja chako kitue juu ya sikio, pale ambapo nywele ni zangu kweli na zilikuwa zimenyolewa jana yake. Ukapapasa, ukafumba macho, ukasema zinachoma kama mswaki. Ukalia. Nami nikakufuta machozi kwa leso yangu, huku moyoni nafurahi kwamba nimenusurika.

Shemeji hakusema uliacha dawa kwa sababu ya picha. Picha, baada ya vigelegele kupoa, uliitilia shaka, msusi ni msusi. Amesema uliendelea na dawa baada ya picha, ukawa unapaka na mafuta. Ulizifungia kabatini siku uliyorudi kutoka harusini. Alisema uliingia ndani ukamwambia, nimezishika mwenyewe.

Tangu nisikie maneno hayo sijui niweke wapi uso wangu. Kila shina lililokufa baada ya siku ile nimeliua mimi, na sina cha kulirudisha. Nakuomba, ukishamaliza kusoma, zitoe dawa kabatini na umpigie daktari leo, umwambie kweli kwamba ulikatiza. Akigomba, mwambie ni mdogo wako aliyekuponza. Na hapo baadaye, ugonjwa ukitulia na pakabaki pengo, yule mama wa ghorofani huwachanjia hata wanawake. Hujaza nukta kati ya nywele zilizopo ili ngozi isionekane. Lakini hata yeye hagusi kichwa kinachoumwa mpaka daktari aridhie.

Ujumbe wako wa mwisho uliniomba niziache zirefuke kidogo, wateja wako waone urefu. Nimekutii. Tangu shemeji apige simu sijashika wembe. Pembeni pameota, katikati pamebaki picha, kama nilivyoonywa. Dukani napiga magoti vilevile. Jana mteja mmoja aliniuliza kichwa hiki kulikoni, nikamweleza chote bila kuficha, akanisikiliza vizuri, kisha akaomba viatu vile nimletee vya rangi nyeusi.

Msalimie shemeji, mwambie jibu la swali lake limo humu. Wapwa zangu wote nawabusu, hata anayenuna. Wasichana wa saluni nao wape salamu, na waambie ile picha waibandue, au waiache, utakavyoamua wewe.

Jumamosi nakuja. Nitakaa kwenye kiti chako mbele ya kioo, wateja wakiwepo, wale wote uliowasimulia habari zangu. Uje na mkono wako, uuweke popote utakapo, hata kama ni wa kofi. Safari hii sitageuza kichwa.

Ni mimi mdogo wako,
Kipilipili wa zamani