Buibui wa Beni na Ngoma Yake

Butembo, Bulengera, Juni 2001

Phinées wangu,

Nimeona kwa macho yangu!

Yule buibui dume uliyenitumia toka Beni ndani ya kiberiti, Mama Virginie muuza samaki alimufikisha muzima. Nikamuweka katika bokali ya kioo pamoja na jike wa hapa. Rangi moja, macho mamoja, mutu angesema ni ndugu. Dume wako akainua miguu ya mbele, akacheza kuume, kushoto, tena vizuri! Jike akamuangalia kama jani tu. Nikaleta dume wa Butembo, anayepigapiga tumbo chini kwanza. Papo hapo jike akamusogelea! Nimerudia, ni vilevile.

Unaelewa? Zamani sana walikuwa jamaa moja. Pori likakatika, kila kilima kikabaki kama kisiwa, kila kisiwa na ngoma yake. Donc, yaani kwa kukosa kukutana tu, wamekuwa wageni.

Nyumbani tuko salama. Maharagi yameiva. Baba amepokea mbuzi za mahari za Lusenge, yule anayeuza kahawa, zinalia nyuma ya jiko. Nimemwambia zako ziko njiani. Najua kwenye barrière, pale njia imefungwa, askari wanakamata vijana. Usijaribu kupita.

Mama Virginie anasema mwanamke mwenye kitunga cha samaki hawamuulizi kitu. Safari ijayo vitunga vitakuwa viwili. Cha pili nitabeba mimi mpaka Beni. Mbuzi utaleta nyuma, njia ikifunguka.

Ngoma yako bado naijua.

Jokébed