Tulivyoogopa Kukonda

Marahaba, mjukuu wangu Nyamizi. Huku Mwanza tu wazima. Mama yako mdogo karudi kutoka Nansio na gunia la viazi, na goti langu linalalamika kama kawaida.

Unauliza kwa nini watu wazima wanaangalia video zako za mazoezi huko mtandaoni, wanacheka, halafu hawafanyi.

Miaka ya tisini, ndiyo kwanza nimeolewa, jirani mwenye deki ya video alituita wanawake tuone mkanda wa mazoezi. Akatokea dada mwembamba, anaruka. Mama Kulwa akauliza, "Maskini, huyu anaumwa nini?" Hakuna aliyecheka. Miaka ile ya Ukimwi, ukikonda, mtaa mzima ulishajua ugonjwa wako bila kukupima.

Mimi mkanda ule niliupenda. Nikawa naruka chumbani, mlango nimefunga, na jioni nakula samaki na mchicha, ugali kidogo. Gauni lilipoanza kunipwaya, majirani walileta uji, wakampa pole mama mkwe wangu. Yeye alinipakulia ugali, akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza. Sikuruka tena.

Kwa hiyo usituahidi kupungua. Mchukue video shangazi yako, na unene wake, aonekane akipanda kilima na ndoo kichwani bila kuhema. Hapo tutainuka.

Juzi daktari alinipongeza kwa kupungua. Nilimshukuru. Wakati wa kurudi nilipita njia ya nyuma, majirani wasinione.

Ni mimi, bibi yako.