Kwa Fundi Saa Kata Kushoto

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, hofu yangu ni kwako tu. Dada wa duka la dawa amenipigia simu. Anasema juzi ulitoka dukani kwake ukapotea, ukakutwa umekaa nyuma ya soko, viatu mkononi. Mama, mji wenyewe ni barabara moja na vichochoro vyake! Njoo ukae nasi huku. Mkweo ameshakuandalia chumba.

Mwanao,
Kitindamimba

11 Machi

Baba'ngu,

Marahaba. Mgongo unauma, mengine namshukuru Mungu. Huyo dada wa dawa hana kifua, kila kitu atangaze. Sikupotea, nilipumzika.

Huko ghorofani kwenu nitafanya nini, nichungulie magari? Hapa nina nyumba yangu, na muuza mkaa hapiti bila kunijulia hali. Ila nisikufiche, siku ile niliogopa. Nilisimama njia panda, njia zote nazijua, na sikujua ipi inakwenda kwangu. Wewe uliumaliza mji huu kwa kutumwa. Niandikie njia ya nyumbani, niiweke kwenye pochi.

Mama yako

20 Machi

Mama,

Shikamoo. Nilicheka habari za dada wa dawa, kisha nikalia.

Njia ni hii. Ukitoka sokoni, ipe mgongo mashine ya kusaga, nyoosha mpaka kwa fundi saa, kata kushoto. Pita kinyozi, pita bomba la maji. Geti la bluu ndilo letu. Ukikwama uliza alipo fundi saa, nani asiyemjua? Kuuliza si ujinga.

Mwanao,
Kitindamimba

9 Aprili

Mama,

Shikamoo. Mbona kimya? Simu hupokei. Dada wa dawa naye ananijibu nusunusu, na si kawaida yake. Nambie tu unaumwa nini.

Kitindamimba

14 Aprili

Baba'ngu,

Marahaba. Nilikuwa na homa, sasa nakunywa uji.

Nilifuata barua yako neno kwa neno. Nikakwama, nikauliza alipo fundi saa, wakanionyesha. Nikakata kushoto. Nikaenda, nikaenda, mpaka nyumba zikaisha, na mvua ikanikuta kwenye mashamba ya watu. Kumbe fundi saa alihamia karibu na stendi mwaka uleule ulioondoka. Bomba liling'olewa. Geti nililipaka kijani kwa mkono wangu. Mimi nilikuwa nimeyasahau hayo, na wewe hukuyaona, miaka sita hujakanyaga hapa.

Jioni muuza mkaa alinikosa nyumbani, akaanza kuuliza mjini. Fundi saa akakumbuka kuniona nikipita, akafunga duka akanifuata. Akaniuliza ni nani aliyenielekeza vile. Nikasema nimejielekeza mwenyewe. Nisingekuaibisha mbele ya watu.

Chumba chenu sikitaki, huko nitapotelea mlangoni. Njoo wewe, nikuone wakati bado nakujua. Ukishuka stendi, kaa kwa fundi saa usubiri. Nimemwomba akulete nyumbani, maana peke yako hutafika.

Mama yako