Mama, Usiningojee Kando ya Ziwa

Al Khoudh, Maskati

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu za binti yako Jeruto. Goti linaendeleaje? Na kile kikohozi kimeisha kweli, au unanidanganya kama kawaida yako? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mzito, tangu kaka Kiprop aliponipigia simu akasema ziwa limefika kwenye mlango wa jikoni, na bado unakataa kuhamia kwake mlimani.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu nikisikia sauti yako nitalia, wewe utaanza kunibembeleza, na neno lenyewe litapotea. Rose, rafiki yangu anayerudi Marigat kwa likizo, atakuletea barua hii.

Unamkumbuka yule mzee ninayemtunza, Mwalimu, aliyekuwa akifundisha habari za miamba chuoni? Tangu alipopooza upande mmoja hatoki nje. Tunashinda sebuleni kwenye kiyoyozi, ananisimulia utoto wake wa Unguja na masomo yake ya Japani. Juzi alinikuta nikilia huku napiga pasi kanzu zake. Nikamweleza kwamba kaburi la Baba liko chini ya maji ya Baringo, na mama yangu amekaa pale pale akingoja yashuke.

Akaniambia habari za ziwa la Nojiri, huko Japani milimani. Baridi ikielekea kuisha maji yake hupungua, na watu wa kawaida, walimu, wanafunzi, hata wazee, huingia topeni kuchimba mifupa. Naye aliwahi kwenda nao.

"Tukitoa meno ya ndovu, mwanangu, ndovu wa kale waliowindwa na watu wa zama za mawe," alisema. "Maelfu ya miaka yamo mle topeni. Siku chache tu, maji yanarudi, yanafunika. Hapana aliyekaa pale kuyangojea. Tukichora kila kitu kilipolala, halafu tukenda zetu."

Nikamuuliza, la kwetu je, litashuka lini?

"Mie sijui. Na mamako hajui. Ziwa halina ahadi na mtu."

Mama, neno hilo la ahadi lilinihusu mimi. Maana najua humngojei Baba. Unaningojea mimi. Alipozikwa nilinyimwa ruhusa ya kusafiri na waajiri wangu, nikakulilia kwenye simu: "Kaburi nionyeshe wewe, asinionyeshe mtu mwingine." Ukalishika neno hilo kama kiapo. Na maji yalipoanza kupanda, mimi mjinga nikakuambia subira huvuta heri. Sasa subira imevuta mamba mpaka jikoni.

Nisamehe. Nenda na Kiprop mpaka kwenye lile jiwe kubwa lililo mlimani juu ya kanisa, umwonyeshe kwa kidole Baba alipolala, naye achore kwenye daftari. Kisha funga vitu vyako uondoke naye siku hiyo hiyo. Usiseme kesho. Krismasi hii pia sitapata ruhusa, kwa hiyo huna wa kumngojea hapo.

Nisalimie Kiprop na mke wake, shangazi Tabitha muuza samaki, na mchungaji aliyemzika Baba.

Baba nilimkosa, na kaburi lake nimekubali kulikosa. Wewe, Mama, sikubali.

Ni mimi mwanao,
Jeruto